Parachuti ikikataa kufunguka: yaliyomo ndani ya ule mkoba wa mgongoni

Felix Baumgartner alipofariki nchini Italia Julai 2025, wengi walikumbuka picha ya Oktoba 2012: mtu aliyevaa suti kama ya mwanaanga, amesimama kwenye kizingiti cha kibanda kilichoinuliwa na puto hadi kilomita 39 hivi juu ya ardhi, halafu anajiachia. Alianguka kwa kasi iliyozidi ile ya sauti, akafungua parachuti, akatua kwa miguu yake. Basi habari ya kifo ilipokuja, watu wakaulizana: aliyenusurika kule juu, iweje parachuti imkatalie huku chini?

Swali hilo limebeba kosa. Siku ile Baumgartner hakuwa ameruka kwa parachuti. Alikuwa akirusha paraglaida yenye injini. Ni kweli kwamba vyote viwili vina kitambaa juu na mtu anayening'inia chini yake kwa kamba, lakini kufanana kwao kunaishia hapo. Paraglaida hutandazwa chini, ikajaa hewa kabla mtu hajaacha ardhi, na imeundwa ili ielee kwa muda mrefu. Parachuti ya kurukia hukunjwa ikafungiwa mkobani, na kazi yake ngumu kuliko zote ni kufunguka hewani wakati aliyeivaa anaanguka kwa kilomita 190 hivi kwa saa, bila kuchanika na bila kumvunja mifupa. Ipo pia miavuli ya askari, ile ya mviringo, ambayo mara nyingi huvutwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege mara tu askari anapotoka mlangoni. Hapa nazungumzia ile ya kati, inayotumiwa na watu wanaoruka kwa mchezo, kwa sababu ndiyo inayotiwa chumvi nyingi kuliko zote.

Kabla ya mengine, msomaji ashike jambo moja. Vifaa hivi havikutengenezwa kwa imani kwamba parachuti haitakataa. Vimetengenezwa na watu waliokubali kwamba ipo siku itakataa, wakapanga kila kamba na kila kitanzi kwa ajili ya siku hiyo.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Parachuti za zamani zilikuwa mfano wa mwavuli: zinakamata hewa na kumpunguzia mtu kasi, basi. Mfaransa André-Jacques Garnerin aliposhuka mbele ya watu mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, aliyumba huku na huku vibaya sana, kwa kuwa hewa iliyonaswa chini ya kitambaa haikuwa na pa kutokea ila pembeni. Baadaye miavuli ya mviringo ikatobolewa tundu juu ili hewa ipumue.

Parachuti za leo za mchezo si miavuli. Ni mabawa. Chukua foronya kadhaa uzishone ubavu kwa ubavu, midomo yote ielekee mbele, kisha uzipeleke kwenye upepo. Hewa itaingia midomoni, itakosa njia ya kutokea nyuma, na foronya zitatuna na kukakamaa. Hilo ndilo wazo alilolipatia hataza Domina Jalbert nchini Marekani mwaka 1966, mtu aliyekuwa ametumia miaka mingi kutengeneza tiara na maputo. Bawa la namna hii halishuki tu, linakwenda mbele. Likienda mbele linaweza kuongozwa, na likiweza kuongozwa mtu anaweza kuchagua pa kutua. Uwezo huo umeokoa watu wengi. Pia umeleta hatari ya aina yake, ambayo nitaifikia.

Kufunguka kwenyewe kuna hatua, na kila hatua huifungulia inayofuata njia. Mrukaji anapeleka mkono nyuma ya nyonga ya kulia, anachomoa kiparachuti kidogo kama kitambaa cha meza na kukitupa kwenye upepo. Kiparachuti kikijaa hewa kinavuta utepe mrefu. Utepe unachomoa pini iliyofunga mkoba. Mkoba ukifunguka unatoka mfuko wenye parachuti iliyokunjwa, kamba zinanyooka hadi mwisho, na hapo ndipo kitambaa kinapotoka mfukoni. Kingeachwa kijitanue mara moja kwa kasi ile, mshtuko wake ungeweza kumuumiza vibaya aliyevaa. Kwa hiyo kamba zote zimepitishwa kwenye pembe za kipande cha kitambaa cha mstatili kiitwacho slaida. Slaida huanza juu kabisa, ikizibana kamba pamoja, kisha inasukumwa chini polepole huku bawa likitanuka. Mshtuko wa kufumba na kufumbua unageuka kuwa sekunde tatu au nne za kupunguza kasi.

Hapo ndipo linapozaliwa dai ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote, kwamba parachuti ikifunguka mtu hupaishwa juu. Hapaishwi. Katika video unamwona akipaa kwa sababu anayempiga picha bado anaanguka kwa kasi ileile ya mwanzo, na mwenzake amepunguza. Ni sawa na abiria wa gari la kasi anayetazama gari jingine likifunga breki: kwa macho yake lile linarudi nyuma, kumbe bado linakwenda mbele. Mwenye parachuti hushuka mwanzo hadi mwisho.

Sasa mkoba. Watu hudhani ndani yake kuna parachuti moja na bahati. Zimo mbili, kila moja kwenye chumba chake: kuu chini, ya akiba juu. Na hazitunzwi kwa namna moja. Parachuti kuu mara nyingi hukunjwa na mwenyewe baada ya kila mruko. Mzoefu humaliza kwa dakika kumi hivi. Ya akiba haiguswi na yeyote asiye na cheti. Hukunjwa na fundi wa parachuti aliyesomea na kupewa leseni, ambaye hukagua kitambaa, mishono, kamba na vyuma, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Akimaliza hufunga pini kwa uzi mwembamba na lakiri ndogo ya madini ya risasi yenye alama yake, ili ijulikane kama kuna aliyeigusa baadaye. Nchini Marekani sheria inadai irudie mikononi mwa fundi kila siku 180, hata kama haijafunguliwa kamwe.

Hata umbile la hizi mbili linatofautiana. Kiparachuti cha akiba kina springi ndani, kinaruka chenyewe bila kungoja mkono wa mtu. Mfuko wake haukufungwa kwenye kitambaa, kwa sababu kama kiparachuti kile kitanasa mahali, mfuko utabaki nyuma na parachuti itatoka na kujaa hewa vilevile. Ukitazama maelezo madogo kama hayo utaelewa namna wabunifu wake walivyofikiri. Hawakujiuliza tu itafungukaje. Walijiuliza pia: hili likishindwa, nini kitabaki?

Na kukataa kunatokea. Wakufunzi hutaja makadirio ya mara moja katika kila miruko elfu hivi, yakitegemea aina ya parachuti na ukunjaji. Lakini "kukataa" ni neno pana mno. Mara nyingine hakuna kinachotoka kabisa. Mara nyingine mfuko unatoka na haufunguki. Mara nyingine kamba moja inapita juu ya bawa na kulibana katikati, nalo linaanza kuzunguka. Mara nyingine bawa ni zima lakini kamba zimejisokota, na mrukaji hurusha miguu kama mtu aliye kwenye bembea mpaka zikasokotoka. Kwa kila hali kuna jibu lake, na swali analofundishwa mwanafunzi ni fupi: je, lina umbo la mraba, limetulia, linaongozeka? Likikosa moja kati ya hayo na haliponi haraka, linaachwa liende zake.

Hapa wasomaji wengi hushangaa. Kwa nini ulitupe, si bora kuwa na kitambaa kibovu kuliko kukosa kabisa? Kwa sababu ya akiba inahitaji anga safi. Ikifunguliwa ndani ya kitambaa kinachozunguka na kamba zinazopepea, itaviringwa nacho, na mtu atakuwa amemaliza vyote viwili. Ndiyo maana kifuani kuna vishikio viwili. Cha kulia, mara nyingi pedi nyekundu, kinakata uhusiano na parachuti kuu. Cha kushoto kinafungua ya akiba. Mpangilio ni kulia kwanza, kushoto baadaye, na mwanafunzi huurudia akiwa ardhini mpaka mikono iujue bila kuulizwa. (Pale ambapo hakuna kilichotoka kabisa, wakufunzi wanatofautiana: wapo wanaosema uende moja kwa moja kwenye cha kushoto ili kuokoa muda, wapo wanaotaka mpangilio uwe uleule siku zote. Mwanafunzi hufuata alichofundishwa na mkufunzi wake.)

Kukata parachuti inayokuvuta kwa nguvu ya mamia ya kilo, kwa mkono mmoja, si jambo dogo. Zamani kila bega lilikuwa na kifungo chake cha chuma, ukivifungua kimoja baada ya kingine. Katika miaka ya 1970 Bill Booth wa Marekani akaja na pete tatu. Pete kubwa iko kwenye mkanda wa bega. Ya kati inapitishwa ndani yake na kukunjwa, ndogo inapitishwa ndani ya ile ya kati na kukunjwa, na mwisho kabisa kitanzi cha uzi kinashikilia ile ndogo, kikizuiwa na waya laini. Kila pete ni nyenzo, kama mti mrefu unaomwezesha mtu mmoja kung'oa kisiki, ila hapa inafanya kinyume: mzigo mkubwa wa juu unapungua kwa kila pete hadi kitanzi kinabaki na nguvu ndogo sana ya kushika. Vuta waya, kitanzi kinaachia, pete zinafunguka moja baada ya nyingine, na mabega yote mawili yako huru kwa kishikio kimoja. Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, na kwa maoni yangu ndicho kitu cha busara kuliko vyote kwenye mkoba ule.

Je, ya akiba haijifungui yenyewe? Watu wengi huamini hivyo, na imani hiyo inatokana na vifaa viwili ambavyo huchanganywa. Cha kwanza ni utepe unaounganisha mkanda wa parachuti kuu na pini ya akiba. Ukikata kuu, inapoondoka inavuta utepe na kufungua akiba kabla mkono wako haujafika kushoto. Mikoba mingine imeongeza mbinu juu ya hiyo, ambapo parachuti inayoondoka hutumika kama nanga ya kuchomoa akiba yote. Lakini zingatia: utepe hauamui chochote. Usipokata kuu, unakaa kimya.

Cha pili ni kifaa cha elektroniki, kidogo, kinachopima mgandamizo wa hewa. Maarufu kati yake ni CYPRES ya Ujerumani, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Asubuhi unakiwasha uwanjani, kinajifunza mgandamizo wa pale chini na kuuita sifuri, kisha kinahesabu kimo na kasi yako muda wote. Kikiona umefika mita 225 hivi na bado unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde (ndiyo mpangilio wa kawaida kwa wazoefu), kinafyatua kisu kidogo kinachokata kitanzi kinachofunga chumba cha akiba. Kimeokoa watu waliozimia hewani baada ya kugongana na wenzao, na watu waliosahau kutazama saa ya kimo. Lakini hakifungui parachuti kuu. Na kama unazunguka chini ya bawa bovu linaloshuka polepole kuliko kiwango kile, kwacho wewe ni mtu aliye salama, na hakitafanya lolote.

Ukitaka kuelewa kwa nini kifaa hicho ni tegemeo la mwisho, piga hesabu. Mwili uliolala kifudifudi hewani huenda mita 53 hivi kila sekunde. Kwenye mita 225, ardhi iko sekunde nne na kitu mbali, na akiba nayo inahitaji sehemu ya hizo ili ijae. Kwa sababu hiyo United States Parachute Association, chama cha warukaji cha Marekani, kinawataka hata wenye leseni za juu wawe wamefungua mkoba wakiwa bado futi 2,500 kwenda juu, yaani mita 760, na kinashauri uamuzi wa kukata uwe umefanyika kabla ya futi 1,800, karibu mita 550. Wanafunzi hupewa mpaka wa juu zaidi. Katika mchezo huu kimo ni muda. Anayefungua mapema amejinunulia dakika ya kufikiri. Anayechelewa amezitumia sekunde zake kabla hajajua kama atazihitaji.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali linalorudi kila ndege ya abiria inapoanguka: kwa nini abiria wasipewe parachuti? Ndege ya abiria husafiri kwenye kimo cha mita elfu kumi hivi, mahali ambapo bila oksijeni mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika moja. Mlango haufunguki kwa mkono kwa sababu hewa ya ndani inausukuma. Kasi ya nje inaweza kumrusha mtu kwenye mkia wa ndege. Na ajali nyingi hutokea wakati wa kuruka au kutua, karibu na ardhi, pasipo kimo cha kufungulia kitu. Hata yote hayo yangeondolewa, tungebaki na mamia ya watu wasiowahi kufunga mikanda ile, wakijaribu kuifunga ndani ya ndege inayotikisika.

Nirudi kwenye hatari niliyoahidi kuieleza, maana ndiyo inayofichwa na hofu ya "kukataa". Mwaka 2023 kile chama cha warukaji cha Marekani kilirekodi vifo 10 katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65 nchini Marekani. Wasioujua mchezo huu hudhani wote hao parachuti zao hazikufunguka. Kwa miaka mingi sasa, sehemu kubwa ya vifo na majeraha mabaya hutokea chini ya parachuti iliyofunguka vizuri, isiyo na kasoro yoyote.

Inakuwaje? Bawa likigeuzwa kwa nguvu, mwili hutupwa nje kama jiwe lililofungwa kamba, bawa linainamisha pua na kupiga mbizi, kisha linahitaji kimo fulani ili linyooke tena. Juu angani hilo ni raha tupu. Karibu na ardhi, ardhi inafika kwanza. Anayekufa hivi mara nyingi ni mtu aliyeshtuka: ameona mti, uzio au mwenzake mbele, akavuta breki (kamba ya kuongozea bawa) ya upande mmoja hadi chini. Mwingine ni mzoefu aliyetaka kupata kasi ya kuteleza juu ya majani na akakosea kwa sekunde moja.

Ukubwa wa kitambaa ndio unaoamua adhabu ya kosa hilo. Warukaji huchukua uzito wa mtu pamoja na vifaa vyake vyote kwa ratili, wakaugawa kwa futi za mraba za bawa. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90, karibu ratili 200, akiwa chini ya bawa la futi 240 anapata kama 0.8, hicho ni kiwango cha mwanafunzi, mwendo wa upole unaosamehe. Mweke mtu huyohuyo chini ya futi 120, inakuwa kama 1.65. Kila kitu sasa ni cha haraka: kushuka, kugeuka, kutua. Ni mtu yuleyule, ametoka kwenye baiskeli akapanda pikipiki kubwa. Kwa hiyo ukisikia mtu akijisifu kwamba baada ya miruko michache amehamia parachuti ndogo, huyo hajapanda daraja. Amepunguza nafasi ya kukosea, na wanaompenda wamwambie hivyo.

Huwa tunasema ajali haina kinga. Ukisoma taarifa za ajali za parachuti, msemo huo unapata taabu kusimama, maana kinga mara nyingi ilikuwepo na ilikuwa ndogo sana. Mkanda wa kifua uliopitishwa vibaya kwenye kifungo chake. Kiparachuti cha kutupa ambacho mkunjaji alisahau kukitega, hivyo kikatoka kama tambara lisilovuta. Kamba za breki zilizofupika kwa joto la msuguano wa slaida, upande mmoja ukazidi mwingine. Nailoni iliyoachwa juani miezi mingi, ikapoteza nguvu ilhali kwa macho ni mpya. Na kitanzi kinachofunga mkoba, uzi mfupi wa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote mle ndani: ukichakaa au ukiwa mrefu kupita kiasi, mkoba unaweza kufunguka pale mlangoni mwa ndege, na parachuti inayotoka mlangoni huweza kumvuta mtu hadi kwenye mkia wa ndege.

Ndiyo maana ukaguzi hurudiwa mara tatu: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, na kabla ya mlango kufunguliwa. Pete tatu kila bega. Pini mahali pake. Kifaa cha elektroniki kimewashwa. Mikanda mitatu, miwili ya mapaja na mmoja wa kifua. Vishikio vitatu, cha kiparachuti cha kutupa na vile viwili vya kifuani, unavigusa kwa mkono kwa mpangilio utakaovivuta. Mgongoni hujioni, kwa hiyo mwenzako anakukagua, nawe unamkagua.

Anayeruka mara ya kwanza akiwa amefungwa kifuani mwa mkufunzi hahitaji kuyajua yote haya. Parachuti yao ni kubwa, na mara baada ya kutoka mlangoni mkufunzi hutoa kiparachuti cha breki kinachowazuia, kwa uzito wa watu wawili, wasiende kasi kupita kiasi. Lakini unaweza kuuliza, na mkufunzi mzuri hakasiriki: akiba ilikunjwa lini mara ya mwisho, na kile kifaa kimewashwa? Mwombe akuonyeshe mikanda yako inavyopita. Na akikuambia uinue miguu wakati wa kutua, iinue kweli, uishikilie juu hadi yeye mwenyewe aseme ushushe. Miguu ya abiria ikitangulia kugusa ardhi wakati bawa bado linakwenda mbele, ndiyo inayovunjika.